Maelezo ya Mlinzi wa Ilazo

Andika tena, afande: sikulala.
Jina Chidawali Masinga, mlinzi,
nyumba ya bati la kijani, Ilazo,
ambayo geti lake bado liko kwa fundi
likidaiwa rangi na salio.

Saa tisa kasoro usiku. Upepo wa Julai,
ule unaopasua midomo
na kutia vumbi hadi ndani ya chupa ya chai.
Kijana akapita chini ya dirisha la chumbani,
begi mgongoni, polepole, kama anayetafuta mtandao.
Nikasema moyoni: mwanafunzi wa Chuo Kikuu,
mitihani imemchanganya.
Sikujua begi lile lina sikio.

Ndani, mezani, kati ya Biblia na miwani,
ufunguo wa gari ulikuwa macho.
Ule hauna meno, afande. Hauingizwi popote.
Kazi yake kunong'ona usiku kucha:
nipo, nipo, nipo.
Gari likiusikia karibu, linafungua.
Yule wa begi akauchota mnong'ono ukutani
akampokeza mwenzake aliyesimama kando ya gari,
kama vibarua wanavyorushiana tofali.
Gari likaamini.
Gari halijui uso wa mtu.

Vioo vya pembeni vikatanuka, masikio ya punda.
Taa zikapepesa. Mtu akaingia bila haraka,
koti zito, kola imesimama.
Nikajua ni bosi, Bwana Lutangilo,
anawahi Mtumba, wizarani, msimu wa mahesabu.
Nikasimama wima. Nikapiga saluti.

Hilo usiliandike.

Au liandike.
Nilimpigia saluti mwizi,
naye akanyanyua mkono, mstaarabu kabisa.
Gari la umeme halingurumi, unalijua.
Lilitoka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka:
unagundua pakiwa pakavu.
Mbwa aliinua kichwa, akakirudisha.
Kokoto zikasema kidogo, halafu lami, halafu hakuna.

Asubuhi bosi aliniita kwa majina yangu yote mawili.
Kioo hakikuvunjika. Kitasa hakina mkwaruzo.
Na ufunguo pale pale, karibu na miwani,
mjinga, unanong'ona bado,
unauambia uwanja mtupu: nipo.

Mlilikuta Mbande, ninyi wenyewe,
kando ya kibanda cha mahindi ya kuchoma,
milango wazi, betri bado nusu.
Nasikia walishuka kujisaidia
na dereva, kwa mazoea ya dizeli, akalizima.
Lilipozimwa, likadai ufunguo.
Hakuna mnong'ono unaofika Mbande kutoka Ilazo.

Mama alianza na sufuria. Akaweka ufunguo, akafunika,
akanituma nijaribu mlango. Ukafunguka.
Kifuniko kile kimepinda tangu harusi ya mdogo wake.
Akahamia kopo la bati la maziwa ya unga,
lile linalofunguliwa kwa mkia wa kijiko.
Nikavuta. Kimya.
Nikavuta tena. Mama akapiga vigelegele,
majirani wakadhani kuna mchumba.

Bosi naye kaongeza namba ya siri ya kuondoshea gari.
Alitaka kunitajia. Nikaziba masikio.
Na fundi wa kuchomelea pale Majengo
ametutengenezea chuma cha kufunga usukani,
kizito, kibaya, rangi ya njano,
kina kufuli la kawaida, la ufunguo wenye meno.
Gari limetoka ng'ambo na kompyuta zake zote,
linalala limefungwa kama ndama.

Kila jioni, baada ya taarifa ya habari,
nasikia kopo likibanwa: kap.
Ndipo naenda kuvuta kitasa.
Miaka kumi na tisa ya lindo, afande,
sijawahi kufurahi hivi kunyimwa mlango.

Na bosi akitoka alfajiri
namwomba kwanza aseme neno.
Hata akikohoa tu.
Nikishamtambua kikohozi,
ndipo napiga saluti.